Sprei Juu ya Plastiki: Nimeyaona Madirisha Yaliyobadilika Omurushaka!

Nimeigusa kwa mkono wangu na bado nashangaa! Fremu ya dirisha la plastiki iliyokuwa nyeupe ya kuchoka sasa ni ya kijivu cha kati, laini kama ganda la yai, haina alama ya brashi hata moja wala rangi iliyochuruzika kwenye kona. Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, pembeni kidogo ya Omurushaka hapa Karagwe, imeezekwa bati la msauzi la kijivu, na kwa mara ya kwanza madirisha yanapatana na paa. Mpita njia angeapa kwamba fremu zilitoka kiwandani zikiwa na rangi ile. Hazikutoka hivyo! Zimepigwa sprei palepale ukutani, vioo vikiwa ndani yake, na fundi wa kawaida kabisa ambaye siku nyingine utamkuta akipaka mageti na magari.

Kama hujajenga karibuni, huenda hujui habari hii ni kubwa kiasi gani. Kuanzia Kayanga mpaka Murongo, wengi tumezoea mbao, chuma, na siku hizi aluminiamu. Plastiki ilitangulia kwenye milango ya bafu, kisha ikapanda dirishani, na sifa zake ni za kweli: mchwa hauili, kutu haiishiki, mvua haiivimbishi. Lakini nyingi zinazofika huku ni nyeupe, na nyeupe kwenye vumbi jekundu la Karagwe na Kyerwa ina maisha magumu. Isitoshe, jua letu ni kali kuliko baridi ya asubuhi inavyotudanganya, kwa maana tuko digrii moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, tena milimani. Pitisha kiganja kwenye fremu ya plastiki hii, yaani PVC, iliyokaa juani miaka mingi, kitarudi na unga mweupe. Ngozi ya juu ya plastiki imeliwa na jua. Ukipaka rangi juu ya unga ule, rangi inashika unga, unga haujashika kitu, na mvua za masika zikifika vyote vinaondoka pamoja.

Ndiyo maana sprei imenifurahisha hivi. Na ina historia tamu! Mwaka 1888, daktari mmoja wa Toledo, Ohio, aliyeitwa Allen DeVilbiss, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwaka 1907 mwanawe Thomas akaligeuza wazo lile kuwa bunduki ya rangi. Dawa ya koo! Kisha mwaka 1949 Edward Seymour wa Illinois akaingiza rangi kwenye kopo lenye gesi. Vifaa hivyo viwili, kopo na bunduki, ndivyo vinavyogombea madirisha yetu leo.

Tuanze na wanaojifanyia wenyewe, maana nawapenda watu hawa. Kopo la sprei linapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi au vipuri vya pikipiki, halihitaji umeme, na kwa kidirisha cha choo linatosha kabisa. Ila kopo la mililita 400 halifiki mbali. Ukitaka kumaliza madirisha ya nyumba nzima utanunua makopo mpaka hela yako izidi ya fundi, na kidole kitauma. Kinachonivutia zaidi ni bunduki ndogo ya umeme ya mkononi, ile yenye feni yake yenyewe isiyohitaji kompresa. Nimeiona kazi yake Nkwenda, upande wa Kyerwa, kwenye nyumba ya kijana aliyejipakia fremu zake mwenyewe, na nikiwa hatua tatu kutoka ukutani nilipiga makofi! Rangi imeenea kila mahali na kona zote zimefikiwa. Nilipokaribia ndipo nikaona vipele vidogo vilivyotapakaa usoni mwa fremu. Chanzo chake kinajulikana: bunduki hizi hupuliza hewa ya vuguvugu, na rangi isipozimuliwa vya kutosha, matone hukauka kabla ya kulala na kuungana. Tiba ni kuzimua kwa kipimo, kwa kikombe chenye tundu chini, ukihesabu sekunde mpaka rangi iishe kutiririka, wala si kukisia kwa jicho. Kwa madirisha ya uani, kazi ile ya Nkwenda ni ushindi mtupu.

Sasa njoo kwa fundi. Ana kompresa yenye tanki, na kwenye mpira wa hewa amefunga kichujio cha kunasa maji na mafuta, kwa sababu tone moja la maji likipita hutoboa vijishimo kwenye rangi mbichi. Tundu la bunduki yake ni dogo, milimita 1.3 au 1.4. Anashika bunduki kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye fremu, mkono unaanza kutembea kabla kidole hakijabana, na kila mpigo unafunika nusu ya mpigo uliotangulia. Anapiga tabaka jembamba, anasubiri, anapiga jingine. Ningeweza kumtazama kutwa nzima. Mtu yule hana papara hata chembe!

Lakini kilichonishinda kabisa kilitokea kabla bunduki haijawashwa. Muda mwingi fundi hakupiga rangi. Aliosha fremu kwa maji na sabuni ya unga, akasuuza, akaacha zikauke. Akapitisha msasa laini namba 400 mpaka mng'ao wote ukafa. Akafuta kwa kitambaa chenye spiriti, si thina kali ya gereji, ambayo inaweza kulainisha uso wa plastiki. Akafunika vioo kwa magazeti na tepu ya karatasi, na mipira ya kuzuia maji akaiziba yote, kwani mpira hunyumbuka na rangi juu yake hupasuka. Kisha akamwagia maji ua mzima ili vumbi lilale! Malori yanapita barabarani, upepo unavuma, na yeye kashalifunga vumbi la karibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayemlipa fundi analipia saa zile za kuosha na kusugua. Bunduki anaweza kununua yeyote.

Halafu praima. Rangi ya mafuta ya geti haikai kwenye plastiki tupu, itabanduka kwa kucha. Inahitajika praima ya plastiki, na hapa nina ugunduzi wa kumpa kila anayetafuta fundi Kayanga, Nkwenda, Isingiro au Kaisho. Usimuulize kama anajua madirisha. Muulize bampa la gari analipigaje! Mabampa mengi ni ya polipropileni, plastiki inayokataa rangi kuliko PVC. Fundi anayeweza kupaka bampa la Noah likapita kwenye mashimo yetu mwaka mzima bila kubanduka, dirisha lako kwake ni kazi nyepesi. Mafundi wa namna hiyo tunao tayari katika wilaya hizi mbili, wako magereji, na wenye nyumba bado hawajaamka kuwatumia. Jambo hili linanipa raha isiyo kifani!

Kuna mawili ya kushikilia kabla hujachangamka mno. La kwanza ni rangi nzito. PVC huanza kulainika inapokaribia nyuzi joto 80, na fremu nyeusi ukutani upande wa magharibi hupata joto kubwa kuliko nyeupe. Kijivu cha kati, kahawia hafifu, kijani cha majani ya mgomba, hizo sawa. Nyeusi ti iache, hata kama jirani anayo kwenye aluminiamu, kwani aluminiamu inastahimili. La pili ni mapafu. Rangi ya vikopo viwili, ile inayochanganywa na hadna, ndiyo imara kuliko zote, lakini ukungu wake una kemikali zinazoweza kukuletea pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakisaidii chochote. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya kemikali, na watoto wawe mbali. Kwa sababu hiyo peke yake nasema rangi ya hadna ni ya fundi, na anayejifanyia nyumbani atumie rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki.

Wakati? Huku kwetu hela ya ujenzi hufuata kahawa, na kahawa huvunwa kiangazi kikiwa kimetanda, Juni mpaka Agosti. Bahati nzuri iliyoje, maana mvua haiji kuharibu rangi mbichi! Bahati mbaya ni vumbi, ambalo miezi hiyo ndilo limechachamaa. Asubuhi na mapema fremu zina umande na ukungu haujapanda mlimani. Alasiri upepo unaamka. Saa zenyewe ni kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana, na fundi wa Omurushaka hakuongeza hata dakika. Mwenye nyumba alipomsihi amalizie dirisha moja tu, alijibu kwa upole, "Mzee, hilo ni la kesho," akaanza kuosha bunduki.

Uamuzi wangu? Madirisha ya mbele, yanayotazama barabara na jua, mpe fundi wa bampa bila kusitasita. Ya choo, jiko na uani jipakie mwenyewe kwa bunduki ya mkononi, na uifurahie Jumamosi yako. Nyumba moja inaweza kabisa kuwa na mikono miwili, mradi wote wawili mtumie rangi ya maji ya plastiki, iliyonunuliwa siku moja, namba moja, mchanganyo mmoja.

Na yeyote atakayeshika bunduki, kwanza apake kipande cha chini ya fremu, pale pasipoonekana. Kikauke kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo. Achore miraba midogo kwa wembe, abandike tepu ya gundi, aikandamize vizuri, aivute kwa nguvu. Tepu ikitoka na rangi, arudi kwenye sabuni na msasa. Ya Omurushaka niliivuta mwenyewe, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na ilitoka safi kabisa!