Mtaji Peke Yake Hautoshi: Elimu ya Biashara kwa Wachuuzi wa Musaga

Soko kuu la Bujumbura, nchini Burundi, liliteketea Januari 27, 2013, na wachuuzi wengi wakalazimika kutafuta riziki katika masoko mengine ya mji. Baadaye serikali ilianzisha benki ya vijana, BIJE, mwaka 2020, kisha benki ya wanawake, BIDF, mwaka 2022. Hatua hizo ni njema, ila mkopo hautunzi hesabu. Mchuuzi wa Musaga, mtaa wa Bujumbura, anayeuza mchele au mafuta ya mawese akitoa karo, kodi ya nyumba na fedha ya kununulia mali katika mkoba mmoja, hawezi kujua kama anakula faida au anakula mtaji. Elimu ya kwanza anayoihitaji ni ya kutenganisha fedha hizo.

Dar es Salaam, nchini Tanzania, nguvu ya mtaji na ya mafunzo ilipimwa. Mwaka 2008 wakopaji wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, walifundishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vipindi 21 vya dakika 45, katika mikutano yao ya kawaida ya marejesho. Wengine walipewa ruzuku, wengine mafunzo, wengine vyote viwili. Wanaume waliopata vyote viwili ndio walioendelea zaidi. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu, ishara kwamba wana vikwazo ambavyo fedha na mafunzo peke yake haviondoi. Namna ya kufundisha nayo ina uzito. Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida, jingine kanuni chache rahisi, kama vile kuweka fedha ya biashara mbali na ya nyumbani. Kundi la kanuni ndilo lililoboresha utunzaji wa hesabu. La uhasibu halikuonyesha badiliko la maana.

Wapo wanaosema kwamba mchuuzi mmoja akijua kuuza zaidi, anamnyang'anya jirani wateja. Hoja hiyo ina uzito mahali ambapo meza kumi zinauza nyanya zilezile. Lakini nchini Kenya, utafiti uliohusisha wanawake 3,537 ulionyesha kwamba miaka mitatu baada ya mafunzo mauzo ya waliofundishwa yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15, bila kuwaumiza wenzao wa soko hilohilo. Wengine watasema kwamba uhaba wa mafuta ya magari na bei zinazopanda haviponywi na daftari. Ni kweli. Hata hivyo, bei zinapobadilika kila mara, asiyeandika alinunua kwa kiasi gani huuza kwa bei ya jana, kisha hushindwa kununua mzigo wa kesho.

Kwa hiyo mafunzo ya Musaga yasianzie hotelini kwa siku tatu na cheti. Yaanzie katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kanuni moja kwa kila mkutano: mikoba miwili, daftari la mauzo, orodha ya wadeni, na ujira maalumu ambao mwenye biashara anajilipa. Waume nao waalikwe, kwa sababu mama hawezi kulinda mtaji ambao nyumba nzima inauona kuwa fedha ya matumizi. Benki zinazokopesha vijana na wanawake ziyalipie mafunzo hayo kabla ya kutoa mkopo wa kwanza.