Jarida la Ughaibuni

Mhariri aishiye uhamishoni huona rahisi kuwabembeleza wasomaji wake kwa kilio wakipendacho. Jerzy Giedroyc hakufanya hivyo. Jarida lake la Kipolandi, Kultura, lilianzishwa Roma mwaka 1947, kisha likahamia Maisons-Laffitte, karibu na Paris. Mwaka 1952 lilichapisha barua ya kasisi mmoja: Vilnius waachiwe Walithuania, na Lviv Waukraine. Wapolandi wengi walighadhibika, kwani miji hiyo ilikuwa yao kabla ya vita. Hata hivyo, Poland ilipojikomboa mwaka 1989, haikuidai. Dosari naiona moja: jarida lilimtegemea mno mtu mmoja. Alipofariki mwaka 2000, nalo likafungwa, kama alivyotaka. Lakini somo lilikuwa limekwisha kueleweka.