Rhodes haiko mbali na Lubumbashi

Sinagogi ya Lubumbashi imesimama pale tangu 1930. Wengi tunaipita kila siku bila kuuliza: hawa Wayahudi walitoka wapi? Wengi wao walitoka mji mmoja tu wa pwani: Rhodes, kwenye kisiwa cha Ugiriki karibu na Uturuki. Njo maana kitabu cha Michael Frank, One Hundred Saturdays (2022), kinatuhusu siye pia, hata kama hakikuandikwa kwa ajili yetu.

Frank alikaa na mama Stella Levi kule New York, Jumamosi kwa Jumamosi, muda wa miaka sita. Stella alizaliwa 1923 katika Juderia, mtaa wa Wayahudi ndani ya kuta za mji wa kale. Nyumbani walisema Kihispania cha wazee wao, waliofukuzwa Uhispania 1492. Waitalia walichukua kisiwa 1912, na kwa hiyo Stella alisoma kwa Kiitaliano. Mu 1938 sheria za ubaguzi za Italia zikamtoa shuleni. Julai 1944 Wajerumani wakawapakia Wayahudi zaidi ya 1,600 mu mashua, kisha mu treni, mpaka Auschwitz. Safari ilipita wiki tatu. Waliorudi wakiwa hai ni kama 150 tu.

Nguvu ya kitabu ni hii: Frank hakimbilii kifo. Anatuacha kwanza tuishi mu Juderia, na chakula chake, dawa za mabibi, mapenzi ya wasichana, ndoto ya kwenda chuo kikuu. Ile mashua inapofika, msomaji anajua ni nini kinabebwa. Namba peke yake haiwezi kufanya kazi hiyo.

Lakini kitabu kinafuata njia moja: ya Stella, mpaka Marekani. Hilo si kosa, ni maisha yake. Kosa ni letu tukidhani historia ya Rhodes imeishia pale. Miaka mingi mbele ya 1944, vijana wa Juderia walikuwa wanatafuta maisha Elisabethville, wakifungua maduka. Kumbe Kongo iliokoa watu wa mji ule, maana aliyekuwa huku hakupanda ile mashua.

Na hapo kuna jambo gumu. Mu 1938, msichana anafukuzwa shuleni Rhodes kwa sababu ya damu yake. Mwaka ule ule, ndugu yake wa Elisabethville anahesabiwa mzungu: anakaa upande wa wazungu, na mtoto Mwafrika hakai naye darasani. Sheria ya rangi ilimkandamiza mmoja na kumbeba mwingine, na wote ni wa nyumba moja. Kusema hivi si kuwashitaki Wayahudi, hawakutunga sheria ya koloni. Ni kuonyesha vile ubaguzi unafanya kazi: unampanga mtu kufuatana na mahali alipo, leo chini, kesho juu.

Tena kuna damu iliyochanganyika. Nissim Soriano, baba ya Moïse Katumbi, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Jina hilo tunalijua kwa sababu ya siasa. Familia zingine je? Wale mamama Wakongomani, wale watoto wa rangi mbili, wale wafanyakazi wa maduka? Rabi Moïse Levy, aliyefika 1937, ameandikiwa kitabu kwa Kifaransa. Karani wake na mpishi wake, nani amewauliza?

Banafunzi wa historia wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho: iko hapa, haihitaji viza. Frank hakuwa na mashine ya ajabu. Alikuwa na masikio, Jumamosi zake, na mzee mmoja aliyekubali kusema. Wazee wa Katanga bado wapo, lakini hawatatungojea. Ukimaliza kitabu, usikifunge na kulala. Nenda ukamuulize tate nani alikuwa bosi wake wa kwanza.