Mazoezi Mbele za Watu

Kundi la ngoma likialikwa kwenye sherehe hapa Hale, huulizwa mambo mawili: litatumia dakika ngapi, na litasimama upande gani ili mgeni rasmi aone vizuri. Majibu yakishapatikana, ngoma imekwisha kubadilika. Duara linafunguliwa na kuwa mistari miwili inayotazama meza kuu. Manju anakatisha wimbo kabla haujakolea, na wale waliozoea kuingia uwanjani, kucheza kidogo na kutoka, wanabaki nyuma ya kamba wakipiga makofi.

Mtindo huo una asili yake. Mapema miaka ya 1960 serikali iliunda kundi la taifa la ngoma, likakusanya wachezaji kutoka mikoa mbalimbali. Ngoma za usiku kucha zikafupishwa ziwe za dakika chache, zikapangwa kwa ajili ya jukwaa na viwanja vya mapokezi. Sindimba ya Wamakonde ikafika mpaka kwenye shule ambazo hazikuwahi kumwona Mmakonde. Kazi ile ilikuwa na faida, maana ilimfanya Mtanzania wa Tanga aijue ngoma ya Mtanzania wa Mtwara. Lakini kiufundi ilitufundisha jambo moja ambalo limetukaa mpaka leo: kwamba mazoezi ni siri ya kundi, na watu waje siku ya onyesho kutazama kitu kilichokwisha kukamilika.

Nadhani hapo ndipo ushirikiano katika sanaa zetu za majaribio unapofia. Onyesho likifanyika uwanjani, huku watazamaji wamezunguka pande zote, bado linaweza kuwa la watu watano waliojifungia chumbani mwezi mzima. Ukitaka kujua kama kazi ni ya pamoja kweli, angalia mazoezi yalifanyika wapi, nani aliruhusiwa kupita, na aliyepita alikuwa na uwezo gani wa kubadili kitu.

Mfano ninaousoma tena na tena ni wa Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru nchini Kenya. Unatuhusu sisi wa Hale kuliko unavyomhusu mtu wa mjini. Kamĩrĩĩthũ palikuwa mahali pa vibarua: wengine wa mashamba ya chai, wengine wa kiwanda cha viatu cha Bata, wengine hawakuwa na kazi kabisa. Hale nayo ni nchi ya mkonge. Tangu 1944 ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba, SILABU, ilikuwa ikiwaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka kila pembe ya Tanganyika na hata nje ya mipaka yake. Wakapangwa katika kambi, wakawa wanakata mkonge na kuhudumia korona, mashine za kuchambua nyuzi, na kila kabila likaja na ngoma yake. Kwa hiyo kambi za mkonge zilichanganya ngoma kabla chuo chochote cha sanaa hakijafikiria kufanya hivyo.

Waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipewa kazi ya kuandika mchezo kwa ajili ya kituo cha elimu ya watu wazima pale kijijini. Wakaleta muswada wa Ngaahika Ndeenda mwaka 1977, kwa Kigĩkũyũ, lugha ya wale watakaoucheza. Kimani Gecau ndiye aliyekuwa mwongozaji. Mpaka hapo hakuna ajabu. Waandishi wengi wamewahi kupeleka mchezo kijijini. Kilichofuata ndicho cha kuchunguzwa. Muswada ulisomwa kwa sauti mbele za watu na kujadiliwa kabla ya kugawa nafasi. Wanakijiji waliona makosa. Kijana hasemi hivi mbele ya mzee. Kibarua hamwambii bwana wake maneno haya, humwambia yale. Waandishi wakafuta na kuandika upya.

Sehemu moja inaonyesha vizuri namna kazi ilivyokwenda. Ndani ya mchezo kuna sherehe ya ndoa ya kimila, nayo huimbwa kwa gĩtiiro, aina ya majibizano ya nyimbo yenye utaratibu wake: nani anaanza, nani anajibu, mahari inatajwa wapi, utani unaruhusiwa kiasi gani. Mwandishi mwenye shahada hakuujua utaratibu ule. Aliyeujua ni bibi mmoja wa pale kijijini, asiyejua kusoma wala kuandika, naye akawaongoza hatua kwa hatua. Kwa hiyo sehemu ile haikuandikwa kwanza ikachezwa baadaye. Iliimbwa kwanza, ikarekebishwa, ndipo ikaandikwa. Kwa mtu wa ukumbi wa mjini huko ni kwenda kinyumenyume, lakini ndivyo nyimbo zetu nyingi zilivyotungwa tangu zamani.

Jukwaa nalo lilijengwa kwa njia hiyohiyo. Vijana waliupanga kwanza mfano wake chini ardhini kwa njiti za kiberiti, wakaubishania, kisha ndipo wakajenga kwa ukubwa wake. Lilikuwa jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, nyuma yake ukuta wa mianzi wa nusu duara uliowaficha wanaobadili mavazi, mbele yake viti vilivyopanda kama ngazi, bila paa. Walikadiria linaweza kupokea watu zaidi ya 2,000. Wasanii wangapi kwetu wamewahi kujengewa uwanja na watazamaji wao?

Mazoezi yote yalikuwa ya wazi. Mtu akitoka shambani alikaa, akatazama, akasema anachofikiri. Mwigizaji aliyekosea alirekebishwa na mpita njia. Matokeo yake, siku ya kwanza ya onyesho, tarehe 2 Oktoba 1977, wengi waliokuja walikuwa wameyajua maneno kwa moyo. Hawakuja kutazama hadithi itaishaje. Walikuja kuimba sehemu yao. Katikati ya Novemba mwaka huohuo serikali ya Kenya ikafuta kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Nadhani dola ilielewa ufundi wa kazi ile kuliko wahakiki wengi. Mchezo uliokaa vichwani mwa maelfu hauzuiliki kwa kufunga pazia.

Ushahidi wa wazi zaidi ni mchezo uliofuata wa kundi hilohilo, Maitũ Njugĩra. Mwaka 1982 walinyimwa kuuonyesha katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi, nao haukupata onyesho rasmi hata moja. Lakini mazoezi yake, yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Nairobi milango ikiwa wazi, yalionwa na watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Nyimbo zake zilikuwa za lugha kadhaa za Kenya, siyo Kigĩkũyũ peke yake. Wachezaji wa Limuru walilazimika kujifunza nyimbo za watu wengine. Machi 1982 jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa mpaka chini.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa nyingine, na haikukutana na mkono mzito wa namna ile. Kuanzia 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, kwa kazi iliyochukua muda mrefu. Hawakubeba mchezo. Walianza kwa kuuliza ni nini kinachowasumbua watu, wakapata masuala kama mimba za wasichana wadogo na vijana wasio na shughuli. Kisha wakauliza vijana wenyewe wanacheza nini. Jibu likawa ngoma za Kisukuma, mojawapo wigashe, ambayo wachezaji hukaa kwenye mistari na kuimba huku miili ikiyumba kwa pamoja.

Fikiria ugumu wake kiufundi. Una ngoma ya watu walioketi, na una habari ya msichana, wazazi, mwalimu na kijana aliyempa mimba, inayotaka watu wasimame, watembee, wagombane. Mwongozaji mwenye haraka angewasimamisha waimbaji wa wigashe na kuwafanya waigizaji, na hapo angebaki na maigizo mabovu bila ngoma. Njia yenye heshima ni kuwaacha wakae, wao wawe kijiji kinachoona na kusema, na tendo lichezwe mbele yao. Wimbo unabeba hukumu, maigizo yanabeba mkasa. Baada ya kucheza, majadiliano. Na yanayosemwa kwenye majadiliano yanaweza kurudi kesho yake yakiwa ubeti mpya.

Ufundi huu una jamaa zake kwenye maandishi ya kipindi kilekile. Katika Nguzo Mama, iliyotoka 1982, Penina Muhando, ambaye ndiye Penina Mlama, aliweka Bi Msimulizi anayezungumza na hadhira moja kwa moja huku wanawake wa kijiji cha Patata wakihangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama. Msimulizi yule ni mlango. Kila anapogeuka kuzungumza nasi, mwongozaji wa Hale au wa Lindi anaweza kuingiza wimbo wa kwao bila kuvunja kitu. Mwaka huohuo Muhando, Lihamba na Ndyanao Balisidya walichapisha Harakati za Ukombozi, tamthilia ya waandishi watatu inayopita historia ya nchi kwa nyimbo, ngoma na maigizo. Kwa maoni yangu ndiyo kazi ya Kiswahili inayofundisha zaidi kuhusu kuandika pamoja, kwa sababu haikujaribu kuficha kwamba ni ya wengi. Vipande vyake vinasimama vyenyewe, na ngoma ndiyo inayovipokezanisha.

Ebrahim Hussein ni habari nyingine. Tamthilia yake Kinjeketile ya 1969 ina umati mkubwa jukwaani, lakini sauti zake zimepangwa na mkono mmoja, kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Siyo kila kazi nzuri lazima iwe ya pamoja. Ninachokataa ni kuiita ya pamoja wakati siyo.

Watu wa Tanga wasidhani majaribio haya ni ya wasomi tu. Beni, iliyoingia mwambao huu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ilichukua gwaride la askari, tarumbeta, vyeo na sare, ikavitia ndani ya ngoma na mashindano. Tanga mjini ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, kila upande na maofisa wake wa kujipa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari walioachishwa jeshi waliisambaza mbali. Beni ilikuwa tamthilia, muziki, dhihaka na chama cha kuzikana kwa wakati mmoja, na nguvu yake yote ilitoka kwenye mazoezi ya jioni mtaani, ambako kila mtu alijua upande wake unaandaa nini.

Sasa turudi Hale. Tuseme kundi la hapa, lenye vijana wa Kisambaa wanaoijua mdumange, Wazigua wanaoijua selo na wajukuu wa Wamakonde waliokuja kukata mkonge, linataka kutengeneza kazi juu ya maisha ya kambi. Kosa rahisi ni kuzipanga ngoma tatu moja baada ya nyingine, kila moja dakika tano, na mtangazaji kati yake. Hayo ni maonyesho ya sabasaba. Ningeanza na kazi yenyewe: mtu anakata jani, anafunga mzigo, anahesabiwa. Wazee waliofanya kazi ile wako, na wanaujua mwendo wa mkono na mwendo wa mgongo. Waitwe wauonyeshe. Mapigo ya ngoma yatafutwe kutoka kwenye mwendo ule, kisha kila mpiga ngoma aseme ngoma ya kwao inakutana nao wapi. Pale isipokutana, pasilazimishwe. Mgongano wa mapigo mawili unaweza kuwa ndiyo siku manamba wawili walipokutana kambini bila lugha moja.

Uwanja wa mazoezi uwe mahali watu wanapopita kutoka kazini, siyo darasani baada ya saa za shule. Muda ufuate zamu za watu. Wanawake wenye kazi za jioni nyumbani wapewe siku yao, la sivyo kundi litabaki la wavulana na sauti za wanawake zitaigizwa na wasiozijua. Na awepo mtu mmoja asiyecheza, kazi yake kusikiliza wanayosema watazamaji na kuyaandika usiku uleule, kwa sababu maneno ya aina hiyo hayakumbukwi kesho.

Liko pia suala la majina. Ngaahika Ndeenda ina majina mawili kwenye jalada, na la yule bibi wa gĩtiiro halimo. Ayubu, iliyotungwa na kundi la Paukwa la Dar es Salaam na kutoka 1984, ilibeba jina la kundi zima. Mimi naona Paukwa walikuwa sahihi zaidi, ila ningeongeza: kwenye karatasi ya onyesho, chini ya kila wimbo, liandikwe jina la manju aliyeuleta na kijiji alichotoka, na fedha za kiingilio zigawiwe kwa kufuata karatasi hiyo.