"Elementi", "Wavu" na "Kuhamisha": Uhakiki wa Istilahi Tatu

Mwamba wenye dhahabu wa Nyamongo, wilayani Tarime, ukipigwa picha za eksirei kutoka pande zote, kompyuta hujenga umbile lake la ndani kwa vijitofali vidogo mno, kila kimoja na kiasi chake cha kijivu kwa kadiri madini yanavyozuia miale. Kisha umbile hilo hupelekwa katika programu ya kukokotoa mikazo, ili ijulikane jiwe litapasukia wapi. Katika kazi hiyo zimo istilahi tatu ambazo hatuna budi kuzihakiki kabla hazijaota mizizi.

Ya kwanza ni "elementi finiti", tafsiri ya jina alilolitoa Ray Clough mwaka 1960. Neno elementi limekwisha kushikwa na kemia: dhahabu yenyewe ni elementi. Mwanafunzi wa Kisaka akisoma kwamba jiwe moja lina elementi 1,000,000, atashangaa, na ana haki. Kusema "elementi zenye kikomo" nako kwapotosha, kwani kinachokusudiwa si kuwa na mwisho, bali kuwa na ukubwa unaopimika, kinyume cha vile vidogo visivyopimika vya kalkulasi. Kwa mfano wa "nomino hesabika", twapendekeza "vipande pimika".

Ya pili ni "wavu". Hili latufaa. Wavu wa mvuvi wa Musoma una nyuzi, mafundo na macho, na fundo ndipo hasa programu inapokokotoa msogeo. Ila jicho la wavu ni tupu, hali kipande pimika kimejaa jiwe. Basi tukubali wavu na fundo, tusikubali jicho.

Ya tatu, nayo ndiyo yenye madhara, ni "kuhamisha". Ahamaye huhama na vyombo vyake. Lakini faili ya STL, itumikayo sana, huchukua pembetatu za uso wa umbo tu; haichukui sifa za madini wala kizio cha urefu. Aliyepima kwa mikromita, programu ikasoma milimita, jiwe lake limekua mara 1,000. Na akikwepa njia hiyo kwa kugeuza kila kijitofali kuwa kipande, uso wa mviringo hutoka na ngazi, na penye pembe za ngazi huonekana mikazo isiyokuwamo mwambani. Hapa hapakuhamishwa kitu, pamejengwa upya. Twapendekeza "kuunda upya", ili neno lenyewe limkumbushe mhandisi kuuliza ni nini kilichoachwa nyuma.

Istilahi mbaya kitabuni humchosha msomaji. Mgodini yaweza kuficha kosa hata ukuta wa mwamba ukaporomoka juu ya watu. Kwa hiyo kuzoeleka kwa neno si hoja ya kutosha kulisanifisha.