Mijeledi ya Adili: wema hutoka kwenye amri?

Wazazi wengi tulio nje tumezoea kuwaambia watoto wetu kwamba asiyemcha Mungu hana haya, na asiye na haya hutenda atakavyo. Kule nyumbani usemi huu haukupata mpinzani, kwa kuwa karibu kila jirani alikuwa na dini yake, awe wa msikitini au wa kanisani. Hapa Uingereza mambo ni mengine. Katika sensa ya 2021, watu wa England na Wales waliojiandikisha kuwa hawana dini walikuwa asilimia 37.2, yaani milioni 22 na ushei. Mtoto anasoma nao, anacheza nao mpira, na huenda muuguzi aliyekesha na bibi yake hospitalini ni mmoja wao. Anaona kwamba wamo waungwana na wamo mafisadi, kama walivyo kwetu. Kisha anauliza: hawa, wema wao umetoka wapi?

Majibu mengi niliyoyasikia ni ya kukwepa. Mimi naona afadhali turudi kwenye kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma zamani tukakihesabu kuwa ngano ya watoto, nacho ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. (Sisi wa ughaibuni tuna haki nacho zaidi, maana nchi ya Mfalme Rai humo inaitwa Ughaibu.)

Kwa aliyesahau: Adili, liwali wa Janibu, anafuga manyani wawili. Huwalisha vizuri, na kila usiku huwachapa mijeledi huku akilia. Habari zinamfikia Rai, mfalme asiyevumilia ukatili kwa wanyama, naye anamwita liwali wake ajieleze. Ndipo tunapojua kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walipotapanya urithi wao, aliwagawia wake. Nao kwa kijicho wakamtupa baharini. Aliokolewa na Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili aliwahi kumnusuru. Huria ndiye aliyewageuza manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku, na asipofanya hivyo atachapwa yeye.

Tazama alivyobanwa. Amri imetoka kwa mwenye nguvu ambazo mwanadamu hawezi kushindana nazo. Mwenye amri hiyo amemtendea hisani kubwa. Tena amri ina sababu, maana wale ndugu walistahili adhabu. Lakini sijapata kukutana na msomaji aliyeushangilia mjeledi ule. Kama wema ni kutii aliye juu na basi, Adili alipaswa kuchapa kwa moyo mkunjufu, na machozi yake yangekuwa upungufu wa utii. Shaaban Robert ameyafanya machozi hayo kuwa ushahidi wa uadilifu wake. Mwandishi anacho kipimo ambacho hakukipewa na Huria, na sisi wasomaji tunacho. Kwa kipimo hicho tunaipima hata amri ya Huria mwenyewe.

Najua nitakavyojibiwa: Huria ni jini, kiumbe kama sisi, na Mungu si jini. Ni kweli. Lakini tukiulizwa tofauti iko wapi, tutasema Mungu ni mwadilifu na mwenye rehema. Basi tulikwisha kujua uadilifu ni nini na rehema ni nini, hata tukaweza kumsifu kwa sifa hizo. Swali hili ni la kale. Plato alimpa Socrates aliulize, alipokutana na Euthyphro ambaye alikuwa akimshitaki baba yake mzazi: je, miungu hulipenda jambo jema kwa kuwa ni jema, au ni jema kwa kuwa wao wamelipenda? Wala asidhani mtu kwamba ni swali la Wazungu peke yao. Mu'tazila, waliochipukia Basra, walisema akili yaweza kutambua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla sheria haijashuka. Al-Ash'ari, naye mzaliwa wa Basra, alikuwa mwenzao kisha akawaacha, akafundisha kwamba jema ni lililoamriwa na baya ni lililokatazwa. Hadithi ya Shaaban Robert inatokana na Alfu Lela Ulela, na humo Adili wa asili ni liwali wa Basra hiyo hiyo! Sidai kwamba wasimulizi walikusudia, lakini nilifurahi nilipoligundua.

Katika Alfu Lela Ulela ndugu wale ni mbwa, na mwisho wake ni mchungu: wakisharudishiwa ubinadamu wanamgeukia tena ndugu yao wakajaribu kumuua. Shaaban Robert ameukataa mwisho huo, akawaacha watubu. Waweza kusema ni ulaini wa mwalimu. Mimi udhaifu wa kitabu nauona kwingine, kwenye majina. Hasidi hana njia ila kuwa hasidi, na Adili hajaribiwi hata mara moja. Kwa nini mtu achague wema wakati uovu unalipa? Kitabu hakina jibu kwa sababu shujaa wake hakuulizwa. Lakini katika jambo la adhabu kimesimama imara. Mijeledi ya usiku baada ya usiku haikumfanya nyani kuwa mtu. Kilichowafungulia mlango ni maombezi ya Rai, mwanadamu.

Ipo sehemu inayonikatalia, nayo ni ile ya mji wa mawe, ambao watu wake waligeuzwa mawe kwa kuukataa wito wa imani. Siwezi kuiruka. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na Mungu hayuko mbali na kalamu yake popote. Aliamini kwamba Mungu huhukumu. Kwa jinsi ninavyomsoma, hakuamini kwamba hukumu ndiyo inayoufanya wema uwe wema.

Lugha yetu nayo inamuunga mkono. Twasema fulani hana utu, na huenda fulani huyo hakosi sala hata moja. Wala hakuna anayeshangaa kusikia hivyo. Dhambi ni neno la dini, lakini utu umetokana na mtu. Simdharau anayezuiwa kuiba na hofu ya Mungu. Mwenye mali iliyosalimika hana ugomvi naye. Najua pia kwamba imani huwapa wengi nguvu ya kutenda jambo ambalo tayari wanajua ni jema, na hilo si dogo. Lakini anayemwambia mtoto kwamba bila amri hakuna wema anamfundisha jambo la hatari: siku atakapoitilia shaka amri, na huku nje siku hiyo huja mapema, ataona kwamba wema wote umekwenda nayo.

Mtoto huyo ningempa kitabu asome mwenyewe, nikamwomba aangalie jambo moja tu. Huria aliamuru mijeledi. Chakula hakikuwa katika amri yake. Hicho Adili aliwapa ndugu zake kwa hiari yake.