Python inavyoifikia herufi moja

Chukua stringi `s = "ng'ombe"`. Ukiandika `s[3]`, Python inakupa `o`, maana kuhesabu huanzia sifuri na ritifaa nayo huhesabiwa. Jibu huja papo hapo, hata stringi ingekuwa na herufi milioni.

Hadi toleo la 3.2, upana wa herufi uliamuliwa wakati Python yenyewe inaundwa: baiti 2 au 4 kwa kila moja. Kwenye baiti 2, emoji iligawanyika vipande viwili na `len` ikahesabu 2 badala ya 1. Kwenye baiti 4, maandishi ya Kiswahili yalikula kumbukumbu mara nne ya mahitaji yake.

Dawa ilitoka kwa Martin von Löwis, katika pendekezo la PEP 393 lililoingia toleo la 3.3 mwaka 2012. Stringi inapoundwa, Python huangalia herufi yenye namba kubwa kuliko zote katika Unicode. Namba hiyo isipozidi 255, kila herufi hupewa baiti 1. Isipozidi 65,535, baiti 2. Ikipita hapo, baiti 4. Stringi ikishaundwa haibadilishwi, kwa hiyo upana huamuliwa mara moja tu. Kuipata `s[i]` ni kuzidisha `i` kwa upana huo, kisha kuhesabu kutoka mwanzo wa stringi. Mfumo wa UTF-8 hauruhusu njia hii ya mkato, kwani herufi zake hutofautiana upana.

Gharama ipo. Makala ya herufi 10,000 huchukua takribani baiti 10,000. Programu ya kuandikia ikiipinda ritifaa moja tu ya ng'ombe, inakuwa herufi namba 8,217, na makala nzima inafika baiti 20,000. Emoji moja huifikisha 40,000! Bado naona uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu stringi nyingi ndani ya programu ni fupi na za herufi za kawaida.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni nyingine. Emoji ya bendera ya Tanzania imeundwa kwa alama mbili za Unicode, T na Z. Ukiomba `bendera[0]` unapata ile T peke yake, na `len` inasema 2. Anayetaka kugawa maandishi kama msomaji anavyoyaona atumie maktaba ya `regex` na alama yake `\X`, ambayo huichukua bendera nzima kwa pamoja.